Shanga Tano za Bi Siwema

Mwenye sikio na asogee. Mwenye usingizi na alale, ila asikorome, maana hadithi hii inahusu sauti, na mkoromo nao ni sauti.

Alikuwepo mwanamke mmoja, jina lake Mwantumu Kirobo, mwenye kazi ambayo watu wengi hawakuamini kuwa ni kazi: alifundisha watu kusema. Si kusema tu, kwani hilo kila mtu hulijua tangu utotoni, na wengine hulizidisha. Aliwafundisha watangazaji wa redio, walimu, wauza bima na mameneja wanaowasinzisha wafanyakazi wao, jinsi ya kupandisha sauti panapostahili kupanda, kuishusha panapotaka upole, kwenda mbio penye mbio na kusimama kidogo kabla ya neno zito. "Maneno ni wali," alizoea kuwaambia, "sauti ndiyo mchuzi. Nani anakula wali mkavu kila siku akashukuru?"

Katika kutembea kwake alifika nchi iitwayo Nyamavu. Alifikaje, hilo tuliache. Wanaokwenda nchi za namna hiyo hawapendi kusimulia njia, hupenda kusimulia walichokikuta.

Alichokikuta kwanza ni afisa wa mpakani. "Karibu Nyamavu mgeni wetu tumefurahi mno kukuona," alisema afisa, kwa sauti iliyonyooka tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mwantumu akadhani mtu yule amefiwa, akampa pole. Afisa akaipokea, akashukuru kwa sauti ileile, akampigia muhuri.

Mwenyeji wake alikuwa Bi Siwema Mbaruku, mtumishi wa Idara ya Maombi, mama wa makamo, mwembamba, msafi, mwenye macho ya mtu aliyengoja jambo kwa muda mrefu. Shingoni alivaa uzi wenye ushanga mmoja mweupe. Mwantumu alipousifu, Bi Siwema akamweleza sheria ya nchi, naye aliieleza bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma bei za sabuni.

Katika Nyamavu sauti ni mali ya cheo. Anayeajiriwa hupewa ushanga mweupe, nao humruhusu kusema kazini kwa sauti moja tu. Akipanda daraja huongezewa wa kijani, ndipo anaruhusiwa kupandisha. Wa buluu ni wa kushusha. Mwekundu ni wa kunyamaza katikati ya sentensi, na huo huvaliwa na wenye daraja la mkurugenzi na kuendelea. Wa tano, mweusi, huruhusu sauti kutetemeka, na walioupata walihesabika. Asiye na ushanga hata mmoja, basi mbele ya dola sauti yake haipo. Katika kila ofisi aliketi Msikizi, mwenye kijiti cha mpingo. Mtu akizidisha sauti kuliko shingo yake, Msikizi hugonga meza, ko, na aliyegongwa hurudi nyuma miaka katika safari ya kupanda cheo.

"Kwa nini lakini, dada?" Mwantumu aliuliza.

"Sauti ikiachwa huru mfagizi atasikilizwa kuliko mkurugenzi," alijibu Bi Siwema. "Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na mkurugenzi akiugua?"

"Shanga zake huvaliwa na naibu, naye husimama badala yake. Sheria husoma shingo. Haisomi mtu."

Kesho yake Mwantumu alialikwa kwenye kikao cha Idara ya Mifereji, na huko alimwona mkurugenzi mwenye ushanga mwekundu akiufaidi. "Ndugu zangu," alisema mkurugenzi, akanyamaza. Watu wakaweka kalamu chini. Mmoja akamaliza karanga zake, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. "Habari za asubuhi," akamalizia mkurugenzi, na ukumbi mzima ukatikisa kichwa kwa uzito wa neno lile. Baadaye akasimama karani wa ghala, mwenye ushanga mweupe, akataja idadi ya mafagio yaliyopo, idadi ya ndoo zilizopo, na kwamba ghala linaungua. Yote kwa pumzi moja na kimo kimoja. Mkurugenzi akasema taarifa imepokelewa, itazungumzwa kwenye mengineyo. Walipofika kwenye mengineyo, moshi ulikuwa umeshaingia dirishani, na hapakuwa tena na ghala la kuzungumzia.

Mwantumu alicheka siku ile hadi akashika mbavu. Alikuja kukijutia kicheko hicho.

Bi Siwema alikaa mtaa wa Chekeni, juu kabisa ya mji, na Chekeni hakukuwa na mkunga. Nyumba ya wazazi iliyo karibu ilikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa kutwa kwa machela. Kazi ya Idara ya Maombi ilikuwa kusoma mbele ya Baraza maombi ya watu wasio na shanga, na kila mwaka Bi Siwema alisoma, pamoja na mengine, ombi la mtaa wake mwenyewe. Lilianza hivi. "Sisi wa Chekeni tunaomba mkunga na nyumba ya wazazi. Amekufa njiani Saumu. Amekufa njiani Mosi, mke wa fundi paa. Amekufa njiani Bahati, mwalimu wa watoto." Majina yaliongezeka kila mwaka, lakini la kwanza halikuondoka. Saumu alikuwa mdogo wake Bi Siwema, tumbo moja.

Na kila mwaka Karani wa Baraza aliandika pembeni neno moja: halikugusa. Kwa sheria, ombi lisilowagusa wajumbe halipiti. Wajumbe walikuwa waungwana, hawakumchukia mtu. Walisikiliza sauti isiyo na kilima wala bonde, usingizi ukawachukua. Mwenye shida hakuruhusiwa sauti ya kugusa, na aliyeruhusiwa sauti ya kugusa hakuwa na shida. Mwantumu alipoliona hilo alilisema waziwazi kwa afisa mmoja wa Baraza. Afisa alifikiri kwa haki kabisa, akajibu kuwa ni kweli, na kwamba ndiyo maana watu wanahimizwa kupanda cheo.

Basi Bi Siwema alikuwa ameamua kupanda. Tangu alipomzika Saumu alijiwekea nadhiri kuwa ombi lile atalisoma siku moja kwa sauti kamili. Ili asigongwe hata mara moja, alijizoeza kusema kwa usawa kazini, kisha njiani, kisha nyumbani, maana ulimi hauna mlango wa ofisi na wa sebule. Kwenye maziko ya Saumu hakupiga yowe. Wasikizi wawili walikuwa miongoni mwa waombolezaji. Binti yake Raya alipozaliwa hakumwimbia, asije yeye mwenyewe akazoea. Alikuwa akiitunza sauti kama watu wanavyotunza kanga mpya kabatini kwa ajili ya harusi itakayokuja.

Na harusi ilikuwa imefika. Wiki ileile Mwantumu aliyofika, Bi Siwema alivishwa shanga nne kwa mpigo, mpaka mweusi, kwa utumishi uliotukuka. Siku chache mbele Baraza lingekaa. Na Raya, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu aliyekuwa safarini, na yeye mwenyewe fundi cherehani wa kujishonea pale nyumbani, alikuwa na mimba pevu, ya leo au kesho. Ombi likipita, mkunga wa serikali angetumwa Chekeni kutoka ng'ambo siku hiyohiyo. Lisipopita, kungekuwa na machela na mlima.

"Nifundishe," Bi Siwema alimwambia Mwantumu. "Ruhusa ninayo. Njia nimeisahau."

Wakaanza asubuhi jikoni, maharage yakiwa motoni. Raya aliketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akipinda nguo za mtoto. Kwa kuwa hakuajiriwa kamwe, hakuwa na ushanga wowote, na sauti yake ilikuwa huru. Akiendesha cherehani aliimba, akimwita jirani aliita mpaka mbwa wakaitika.

"Usikimbilie jina la Saumu," Mwantumu alisema. "Simama kabla yake. Waache wajiulize ni nani. Kisha liseme chini, taratibu, kama unamwamsha."

Bi Siwema akavuta pumzi. "Amekufa njiani Saumu."

"Umesimama?"

"Nimesimama."

"Hukusimama, dada. Haya, tuache kusimama, tupande. Sema 'tunaomba' kama mtu anayeomba."

"Tunaomba."

"Muombe Raya maji."

"Raya naomba maji."

"Mama, hata mtungi usingekupa," alisema Raya, wakacheka, yaani Raya na Mwantumu walicheka. Bi Siwema alifungua kinywa, mabega yakatikisika, na hakikutoka kitu.

Walijaribu kwa hasira, kwa mzaha, kwa kusoma mbele ya kioo, kwa kuweka mkono kifuani ili asikie mtetemo. Mwantumu aliyewafundisha mameneja wagumu kama magogo alihisi jasho linamtoka. Kisha siku moja kabla ya Baraza, Bi Siwema alishika sufuria ya moto bila kitambaa. "Uwiii!" alilia, na sauti ile ilipanda, ikakaa juu, ikashuka ikitetemeka hadi chini kabisa. Raya akapiga makofi, machozi yakimlenga.

"Ndiyo hiyo, mama! Ipo! Irudie!"

"Uwi," alisema Bi Siwema.

Alirudia mara nyingi. Hata aliishika tena sufuria kwa makusudi, mpaka Mwantumu akamnyang'anya. Haikurudi. Mwantumu akamfunga vidole kwa kitambaa chenye asali, akamwambia kesho mambo yatakuwa mazuri, na akajisikia akisema kwa sauti tamu, iliyopanda na kushuka vizuri sana, na ya uongo.

Raya alipomsindikiza nje alimshika mkono. "Mama mdogo, mimi sijawahi kusikia mama ananiita. Huwa ananitaja tu. Nilikuwa nasema nikikua atanieleza. Sasa naona hata yeye hajui ilipokwenda."

Siku ya Baraza Raya alisisitiza kwenda. Alitaka kuwa wa kwanza kuisikia. Aliketi kwenye viti vya umma karibu na Mwantumu, mikono juu ya tumbo, na walipofunga milango, kama desturi, Spika akamwita Bi Siwema.

Bi Siwema alisimama na shanga zake tano zinang'aa. Wajumbe walikaa sawa, maana mwenye mweusi hakusikika kila mwaka. Akafungua kinywa.

"Sisi wa Chekeni tunaomba mkunga na nyumba ya wazazi amekufa njiani Saumu amekufa njiani Mosi mke wa fundi paa."

Mwantumu alifumba macho. Ilikuwa sakafu tupu. Alisikia mjumbe mmoja akipiga miayo ya heshima, kwa ndani. Bi Siwema alisoma hadi mwisho, akakaa, akaviangalia vidole vyake vilivyofungwa. Karani akachovya kalamu, akaandika neno lake.

Ni hapo uchungu ulipomshika Raya. Labda ulikuwa umemshika tangu mapema akauficha ili amsikilize mama yake. Alilia kilio kimoja kirefu kilichoanzia chini, kikapanda mpaka kwenye dari, kikakatika, kikaanza upya. Ukumbi mzima uligeuka. Mjumbe mzee wa safu ya mbele aliinuka nusu, mkono kifuani, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. Mwingine akasema, "Jamani, mpelekeni mtoto wa watu." Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, ombi la Chekeni lilikuwa limegusa.

Ko, akagonga Msikizi.

"Sauti hiyo ni ya daraja gani?" aliuliza Spika.

"Haina ushanga, Mheshimiwa."

"Basi haikusikika."

Lakini ilikuwa imesikika, na hilo ndilo lililozua mjadala. Kwa kanuni za Baraza, ikitokea sauti isiyo na daraja ukumbini, mlango haufunguliwi hadi sauti hiyo ipewe hukumu. Mjumbe wa kwanza alisema kilio cha uzazi si usemi, hivyo hakihitaji ushanga. Wa pili akauliza, kama si usemi, mbona yeye amekielewa? Wa tatu, mwenye mwekundu, alisimama, akasema "Tukumbuke," akanyamaza, na ikabidi wote wangoje mpaka akumbuke. Mjumbe mzee alisema kwa unyenyekevu kwamba yeye binafsi ameguswa, akaomba iandikwe. Karani akamjibu kuwa anaweza kuandika kwamba mheshimiwa ameguswa, ila hana pa kuandika na nani.

Raya alikuwa sasa chini sakafuni, kichwa chake mapajani mwa Mwantumu, na damu imelowesha kanga. Mwantumu alipiga kelele, "Fungueni mlango! Anakufa!" kwa sauti ya mwanamke aliyefundisha sauti maisha yake yote, na hata kuta ziliitika. Wote walimtazama. Hawakumtazama usoni, walimtazama shingoni.

Ndipo Bi Siwema akasimama. Katika ukumbi ule hakuna aliyekuwa na haki kumzidi. Angeweza kupiga yowe, kulaani, kunong'ona, kutetemeka, na asingegongwa. Uso wake ulikuwa umepasuka kwa hofu, mishipa ya shingo imemtoka chini ya zile shanga, na kila aliyemwangalia aliona mama anayempoteza mwanawe. Lakini wale hawakuwa watu wa kuangalia.

"Naomba mfungue mlango huyu ni mwanangu," alisema.

"Ombi limepokelewa," akajibu Spika. "Litasomwa baada ya hoja iliyo mezani."

Walipofungua, hoja ilipokwisha, vijana wa Chekeni walimpokea Raya kwa machela, wakaukabili mlima, mama yake na Mwantumu nyuma. Hawakufika hata nusu. Mtoto alizaliwa chini ya mwamba pembeni mwa njia, wa kiume, mzima, na kilio chake kilikuwa cha kwanza kusikika tangu Raya aliponyamaza.

Wakamzika Raya kesho yake. Watu walikuja wengi, maana alipendwa. Walisubiri mama mtu alie, ili nao wapate njia, kwa kuwa wengi wao walikuwa na ushanga mweupe na wasingeweza kutangulia mbele ya mwenye mweusi. Bi Siwema alisimama kwenye ukingo wa kaburi, akafungua kinywa, akangoja. "Mwanangu Raya," alisema. "Mwanangu Raya." Alisema vile jina linavyosomwa kwenye mahudhurio ya darasa. Watu wakainama, wakarusha udongo kimyakimya, na Mwantumu alilia peke yake, akiona aibu kana kwamba anakula hadharani mbele ya wenye njaa.

Siku iliyofuata, jua la alasiri likiwa bado kali, Mwantumu alikuja kuaga. Alimkuta Bi Siwema jikoni kwenye ule mkeka, amempakata mjukuu. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mtoto alikuwa analia. Alilia vizuri, kwa mapafu yote, akipanda, akishuka, akikata pumzi na kunyamaza mahali ambapo hata mkurugenzi angejifunza, kisha anaanza tena. Bi Siwema alikuwa amemwinamia, midomo yake ikifuata ya mtoto, ikipanuka anapopanuka, ikitetemeka anapotetemeka, bila sauti.

"Namfuatisha," alisema bila kuinua uso. "Labda yeye anakumbuka njia."

Mwantumu akaketi kando.

Ko. Ko. Kijiti kiligonga kwenye kizingiti. Msikizi wa mtaa alisimama mlangoni, kijana mpole, kijiti amekishika kwa mikono miwili. Alitoa pole za msiba, kwa usawa. Kisha akasema kuwa nyumba ya mtumishi wa daraja la tano ni sehemu ya ofisi, ndivyo kanuni inavyosema, na kwamba anasikitika sana, lakini huyo mtoto hana ushanga.

Bi Siwema akainua mikono nyuma ya shingo, na vile vidole vilivyoungua vikahangaika na fundo mpaka likafunguka. Akauvua uzi, wenye nyeupe na kijani na buluu na nyekundu na nyeusi, akauzungusha mara mbili kwenye shingo ya mtoto, kwa ulegevu, akaufunga.

Kijana alitazama shingo ile ndogo. Akatafuta kanuni kichwani mwake, na Mwantumu alimwona akiitafuta na kuikosa. Polepole akakishusha kijiti.

Mtoto akaendelea kulia. Kilio kilitoka dirishani, kikateremka mtaani, na kwa kuwa sasa kilikuwa kilio cha daraja la tano, walioshona waliacha kushona, waliotwanga wakaacha kutwanga, na mwanamke mmoja nyumba ya tatu, asiye na ushanga wowote, akakipokea, na wa nyumba ya jirani yake akakipokea, hata Chekeni nzima ikawa inamlilia Raya.

Bi Siwema, shingo tupu, ambaye kwa sheria sasa hakuwa na sauti kabisa, alimsogeza mtoto karibu na kifua chake.

"Mlilie mama yako, baba," alimwambia, kwa ile sauti yake iliyonyooka. "Mimi nimechelewa."

Msikizi aliyasikia maneno yale, na kazi yake ilikuwa kugonga. Alibaki mlangoni na kijiti chake, hakugonga.